Mzunguko wa Baiskeli: Shinyanga, Geita na Daraja la Busisi

Si desturi mwalimu wa chuo aliyekwisha vuka miaka hamsini kutajwa pamoja na baiskeli, isipokuwa pale anapobebwa nyuma kwenda sokoni. Walakini mwaka 2025, katika siku za kwanza za Muharram 1447, sisi pamoja na vijana watano wa chuo chetu tulitoka Shinyanga kwa baiskeli, tukaenda Kahama, tukapanda vilima na misitu mpaka Geita, tukavuka Ziwa kwa daraja jipya la Busisi, kisha tukarejea nyumbani kwa njia ya Misungwi. Mwendo wote ni kilomita 450 hivi. Tangu turudi, wazazi wengi wametuuliza habari zake, na vijana wa vyuo vingine wataka kuifuata njia ile ile. Kwa hiyo twaona yafaa tueleze jinsi safari hii ilivyopangwa, kwani kwenda kulituchukua siku saba, na kupanga miezi mitatu.

Katika Usukuma baiskeli si mchezo wa watoto. Wazee wetu waliinunua kwa fedha za pamba tangu zama za Waingereza, na hata leo mjini Shinyanga na Kahama abiria huketi nyuma ya baiskeli, akapelekwa hospitali au stesheni kwa nauli ndogo. Baiskeli yabeba maji, yabeba mkaa, yabeba majani ya ng'ombe, yambeba na mgonjwa. Basi hatukuwa na haja ya kumfundisha kijana yeyote kuiendesha. Kilichokuwa kigeni kwao ni kilima. Nchi yetu ni tambarare, nchi ya mbuga za udongo mweusi na mawe makubwa yasimamayo peke yake, na mtoto wa hapa aweza kukua mpaka akaota ndevu asilazimike hata mara moja kushuka juu ya baiskeli yake kwa sababu ya mpando.

Sababu tuliyowaambia wazazi ilikuwa ni afya ya vijana na kuiona nchi yao. Sababu hiyo ilikuwa kweli, lakini haikuwa yote, nasi hatuoni vema kuwaficha wasomaji yaliyobaki. Miaka mitatu nyuma tulikuwa na mwanafunzi mmoja aliyekuwa akichelewa chuoni kila asubuhi. Alikuwa akitoka usiku kwenda porini kuchukua mkaa, akiuleta mjini kwa baiskeli, ndipo aje kusoma, na mikono yake ilikuwa myeusi. Siku moja, mbele ya wenzake, tulimwambia kwamba mwenye kupenda mkaa kuliko somo hana haja ya kuja. Kijana alitutii. Hakuja tena. Baada ya mwezi tulisikia kwamba amekwenda machimboni Geita. Baba yake hakutulaumu hata kwa neno moja, akaendelea kutuletea mwanawe mdogo kusoma kama kwamba hapakutokea jambo. Huyo mdogo alikuwa mmoja wa vijana wetu watano.

Mwezi wa Aprili tuliketi barazani na daftari, tukaanza kuichora njia. Mzunguko huu waweza kuendewa kwa namna mbili: ama uanze kwa Mwanza na kurudi kwa Kahama, ama uanze kwa Kahama na kurudi kwa Mwanza. Vijana wote walitaka kuanza kwa Mwanza, kwa ajili ya daraja, kwani ilikuwa ikisemwa kwamba litafunguliwa karibuni, na kweli lilifunguliwa tarehe 19 Juni. Aliyetugeuza mawazo ni fundi wetu wa baiskeli, mzee akaaye karibu na soko, ambaye katika ujana wake alipeleka samaki wakavu kwa baiskeli kutoka Mwanza hadi vijiji vya Kahama. Yeye alisema hivi: siku ya kwanza miguu haijaamka, na siku ya sita imekwisha choka, milima iwekeni siku ya tatu.

Tulipopima tuliona hesabu yamkubali. Kutoka Shinyanga kwa njia ya Tinde na Isaka mpaka Kahama ni kilomita 100 hivi, zote tambarare na lami. Kutoka Kahama hadi Geita ni kilomita 120, na katikati yake iko njia panda ya Bulyanhulu, iliyo karibu kilomita 62 kutoka Kahama na 58 kutoka Geita. Basi siku ya pili ingekuwa fupi, na siku ya tatu, yenye vilima na msitu, ingekuwa fupi zaidi, tena ingeanza mtu akiwa ameshiba usingizi. Siku ya nne tuliitenga iwe ya kupumzika Geita. Siku ya tano ni kilomita 90 za lami kutoka Geita kupitia Sengerema hadi Usagara, na daraja limo humo. Zilizobaki ni kilomita 140 za kurudi Shinyanga, ambazo tuliamua kuzigawa siku mbili, tulale Maganzo, ili siku ya Ijumaa zibaki thelathini tu nasi tuwahi Sala ya Ijumaa katika msikiti wetu.

Kasoro moja fundi aliikiri mwenyewe. Mwezi wa Juni na Julai upepo wavuma kutoka kusini-mashariki, nao ungetupiga usoni siku mbili za mwisho. Dawa yake ni kuondoka mara baada ya Sala ya Alfajiri, kabla upepo haujaamka, na kupumzika adhuhuri. Hapa na Sala zilitusaidia, kwani msafiri ameruhusiwa kufupisha na kukusanya. Kituo cha adhuhuri kikawa ni cha Sala, cha chakula, na cha kuliepa jua, vyote pamoja.

Kisha fundi akazikagua baiskeli zetu. Alizitazama sita zote zimepangwa ukutani, akatikisa kichwa, akasema, "Maalim, hizi ni baiskeli za kwenda dukani." Hakuna hata moja iliyokuwa na gia. Aliondoa kijigurudumu cha meno cha nyuma katika kila baiskeli, kilichokuwa na meno 18, akaweka cha meno 22. Vijana walinung'unika, kwa kuwa baiskeli ikawa nyepesi na ya polepole, miguu yazunguka sana na mwendo ni mdogo. Mzee akawaambia kwamba hiyo polepole ndiyo itakayowapandisha mlima wakiwa wameketi. Jambo la pili lilikuwa breki. Kupanda, alisema, hakujamwua mtu. Kushuka ndiko kunakoua. Alibadili mipira ya breki yote, akakaza spoku moja moja huku akizigonga na kusikiliza mlio wake, na matairi mawili yaliyokuwa na nyufa akayakataa kabisa. Katika mfuko wa safari alitutilia mipira miwili ya ndani, viraka na gundi, pampu mbili, spoku kumi, spana, kipande cha mnyororo, na kichupa cha mafuta ya cherehani. Ushauri wake wa mwisho ulikuwa kwamba mzigo wa mtu mmoja usizidi kilo kumi bila maji, na maji yasipungue lita nne.

Lakini kijana atajizoezaje milima katika nchi isiyo na milima? Jambo hili lilitushughulisha sana, mpaka mmoja wao akasema tufanye mzigo uwe ndio mlima. Basi kila Jumapili walifunga dumu la lita ishirini la maji nyuma ya baiskeli, wakaenda Shinyanga ya Zamani na kurudi, na baada ya wiki sita wakaenda hadi Maganzo na kurudi, kilomita sitini. Sisi tuliwafuata bila dumu, na siku ya Maganzo tulilala chini ya mti nusu saa tukilitazama goti letu la kulia. Wasomaji wa umri wetu wajipime mapema kama tulivyofanya.

Mkutano wa wazazi haukuwa mwepesi. Akina baba waliuliza juu ya malori, na walikuwa na haki, kwa maana barabara ya Tinde na Isaka ndiyo ipitayo mizigo ya Rwanda na Burundi, na dereva wa lori lenye matela hawezi kumkwepa mwendesha baiskeli kila mara. Tuliandika masharti: kwenda mstari mmoja, kuvaa vizibao ving'aavyo, kushuka kando ya lami malori mawili yanapopishana, na kutoendesha hata hatua moja baada ya Magharibi. Akina mama waliuliza jingine. Mmoja alisimama akasema, "Maalim, mimi siogopi lori. Mtoto wangu akiiona dhahabu hatarudi." Hatukuwa na jibu zuri. Tulimwambia kwamba tutawarudisha wote watano, akaketi, lakini uso wake haukukubali.

Baba wa wale ndugu wawili hakusema lolote mkutanoni. Watu walipotawanyika alitusubiri nje, akatupa mfuko wa michembe, ambayo ni vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa. "Mkimwona, mpeni," alisema. "Msipomwona, kuleni njiani." Hivyo tulijua kwamba sababu yetu ya pili haikuwa siri kwake.

Tuliondoka Jumamosi, tarehe 28 Juni. Siku ya kwanza yapaswa kuelezwa kwa ajili ya miti yake. Baada ya mji kuisha, vijana walishangaa kuona kila baada ya mwendo kidogo vipande vya pori vilivyofungwa, nyasi ndefu chini na migunga juu, ilhali pembeni yake ardhi imekwisha liwa na mifugo. Hizo ni ngitili. Ni desturi ya Wasukuma ya tangu zamani: mvua zinapoanza sehemu ya malisho hufungwa, ikaachwa ikue, ikafunguliwa wakati wa kiangazi ng'ombe wanapokosa chakula. Desturi hii ilikaribia kufa. Katika miaka ya 1920 na iliyofuata serikali ya Waingereza ilifyeka misitu mingi ya Shinyanga ili kuwaangamiza mbung'o, nayo pamba ikaja ikaila ardhi iliyobaki, kisha mifugo ikazidi, mpaka nchi yetu ikaanza kuitwa jangwa. Mwaka 1986 uliundwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, uliodumu hadi mwaka 2004. Kazi yake kubwa haikuwa kupanda miti migeni. Uliwarudisha wanavijiji kwenye ngitili zao, na visiki vilivyoachwa vikachipua vyenyewe. Mwanzo wa mradi zilihesabiwa hekta 600 hivi za ngitili; hadi kumalizika kwake zilipita hekta 300,000. Vijana wetu walizaliwa baada ya hayo, nao walidhani pori hilo lilikuwapo siku zote. Tuliwasimamisha penye kivuli tukawaeleza, kwa kuwa tulitaka walikumbuke siku ya tatu.

Isaka tulikula wali. Hapo reli ya kati iendayo Mwanza, iliyofika huko mwaka 1928, yapita, na kando yake inajengwa reli mpya ya kisasa, kipande cha kilomita 341 kutoka Mwanza hadi Isaka. Kahama tuliingia jua likielekea kuchwa, mmoja wetu akiwa amepata pancha mbili, na ndugu Waislamu walitupokea vizuri sana, Mwenyezi Mungu awalipe.

Siku ya pili ni ya vumbi, na hatuna mengi ya kuisifia. Sehemu kubwa ya njia tuliikuta ya udongo na changarawe, na magari ya migodini yakipita kasi huacha wingu ambalo mtu humo haoni hata usukani wake. Yeyote atakayeifuata njia hii achukue kitambaa cha kufunga pua, na asiamini maji ya vijito. Wachimbaji wadogo husafisha dhahabu kwa zebaki, na zebaki huenda na maji. Sisi tulinunua maji ya chupa, ingawa fedha iliuma. Jioni tulifika njia panda ya Bulyanhulu. Mgodi mkubwa ulioko upande huo ulifunguliwa mwaka 2001, na usiku taa zake zaangaza mawingu.

Sasa ni siku ya tatu, ambayo mpango wote ulitengenezwa kwa ajili yake.

Vilima vya Geita si virefu kama vya Usambara. Vyapanda mita mia chache tu juu ya Ziwa, ambalo lenyewe liko mita 1,134 juu ya bahari, lakini ni vingi, kimoja chakukabidhi kwa kingine. Njia yashuka bondeni, yavuka kijito, yapanda tena, na ukifika juu waona mgongo mwingine umekungojea, wa kijani kilichoiva. Huu ndio msitu wa miyombo. Mwezi wa Juni majani yake yangali mengi, na ndani yake kuna ubaridi ambao mtu wa Shinyanga huufurahia kama anayeingia msikitini kutoka juani. Kijigurudumu cha meno 22 kilifanya kazi yake. Mpaka kilima cha nne vijana walipanda wakiwa wameketi, wakimwombea dua mzee fundi. Sisi tulishuka katika cha pili, tukakokota, nao kila mara walitungoja juu kwa adabu, wakijifanya kwamba wanakaza mizigo.

Ndipo walipoanza kuviona visiki. Kwanza kimoja kimoja, kisha safu nzima, vingine vyeupe bado vyatoa utomvu. Katika sehemu kadhaa msitu ulikuwa kama pazia: upande wa barabara miti imesimama, na ukiingia hatua hamsini ni peupe, na marundo ya tanuri za mkaa. Sababu ya mkaa waijua wote. Sababu ya pili ilikuwa ngeni kwetu. Wachimbaji wadogo wakichimba duara, yaani shimo la kufuata mwamba wa dhahabu, hulizuia lisibomoke kwa magogo yaliyopangwa kama ngazi na kuta, nao huyaita matimba. Duara moja lenye kina kirefu lameza miti mingi sana, na matimba yakioza hubadilishwa. Pasipo matimba mema, watu hufa. Wasomaji watakumbuka mwaka 2015, katika machimbo ya Nyangalata wilayani Kahama, wachimbaji walipofukiwa, na watano wakatolewa hai baada ya siku 41, walioishi kwa mende na vyura na maji machafu. Kwa hiyo mtu hawezi kusema kwa wepesi kwamba mkata matimba ni mharibifu tu. Mti ule ule unaoondoka msituni ndio unaomshikia mwingine dari chini ya ardhi.

Kijana mmoja alituuliza, "Maalim, huku nako watakuja kufunga ngitili?" Tulimwambia kwamba ngitili yataka mwenyewe anayekaa hapo mwaka hata mwaka, na mchimbaji huhama kila isikiwapo habari ya dhahabu mahali pengine.

Mbele kidogo ya Bukoli, katika mpando mkali, tulikuwa tukikokota wote sita wakati baiskeli moja iliposhuka kutoka juu. Ilikuwa imefungwa magogo manne marefu ubavuni, mawili kila upande. Mwenyewe hakuipanda, alikuwa akiizuia kwa mwili wake wote, kisigino kimoja kikilima changarawe. Mdogo wetu aliitambua sauti ya kengele kabla ya sura, kwa kuwa ile baiskeli ilikuwa ya nyumbani kwao. Alitupa yake chini akakimbia.

Yule kijana alipotuona alisimama, akaegemeza mzigo kwenye kisiki, akafuta mikono kwa suruali. "Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Alikuwa amekomaa, mabega yamepanuka, na mikono yake ilikuwa safi kuliko zamani. Tulimwambia vijana watangulie, tukabaki naye. Tulimwambia neno tulilolibeba kutoka Shinyanga, zito kuliko maji yote: kwamba siku ile tulimkosea, na kwamba tunamwomba atusamehe. Alitazama magogo yake. "Maalim, mimi nimekwisha sahau," akasema, kisha upesi, "Baba hajambo? Goti lake je?" Kwa upesi ule tulijua kwamba hakusahau. Tulimpa michembe. Alifungua mfuko, akanusa, akaufunga tena bila kula.

Geita twaieleza kwa ufupi, kwa kuwa mji ule waandikwa sana. Dhahabu yake ilionekana mwaka 1898 katika utawala wa Wajerumani; mgodi wa zamani ulifanya kazi tangu mwaka 1936 hadi 1966; na mgodi mkubwa wa sasa ulianza mwaka 2000. Mkoa wenyewe ni wa mwaka 2012. Mji una kelele, una bidii, na bei zake hazimhurumii msafiri.

Siku ya mapumziko, baada ya kunywa chai, tulihesabu baiskeli tukakuta tano. Mdogo hakuwapo. Wenzake walikuwa hawajui, au walikuwa wakijua na hawakutaka kusema. Simu yake ilizimwa. Tulikwenda soko zima, tukarudi, tukaswali Adhuhuri na Alasiri, na maneno ya yule mama yalikuwa yakitupigia masikioni kama nyundo ya karasha. Tuliona kwamba mpango wetu wote, vituo na upepo na meno ya gurudumu, uliacha jambo moja lisilopangika kwa daftari. Jua lilipokuwa laanguka waliingia wawili pamoja, kaka na mdogo, wote wamejaa vumbi la kijivu mpaka kwenye kope. Alikuwa amekwenda kuliona duara la kaka yake, na kakaye alimshusha kidogo tu, sehemu ya juu, kisha akampandisha.

Ulimi wetu ulikwisha nyanyuka. Wenzake wote walikuwa wamesimama wakitazama, kama wale wa siku ile walivyotazama. Tukaumeza, tukamwuliza, "Umekula?" Akasema hajala. Tukamwambia anawe.

Usiku ule kaka alilala kwetu. Alieleza kwamba ameweka fedha yake yote ya matimba katika duara la watu saba, na kwamba mwamba haujatoka. Akiondoka sasa hisa yake inapotea, na mwamba ukitoka kesho kutwa atakuwa hayupo. Huenda ni kweli, na huenda ndivyo kila mchimbaji asemavyo kila mwaka. Hatukumshika. Asubuhi alisema atatusindikiza hadi darajani, maana na yeye hajaliona.

Baiskeli yake isiyo na magogo iliruka kama ndege. Katika kilomita zote za Sengerema hakuna kijana wetu aliyempita, naye hata kijigurudumu cha meno hakuwa amekibadili. Upande huu vilima vimelegea na lami ni nzuri, mashamba ya mihogo na mananasi yakifuatana, na mara Ziwa hutokea kati ya mawe. Tulilifika daraja kabla ya Alasiri. Lina urefu wa kilomita 3, limejengwa kwa zaidi ya shilingi bilioni 700, nalo limepewa jina la Rais wa tano, marehemu John Magufuli. Hapo zamani magari yalikuwa yakingoja kivuko saa nzima, pengine masaa mengi, hata yaliyombeba mgonjwa. Tulishuka tukakokota kwa njia ya waenda kwa miguu, upepo ukitusukuma ubavuni, na wavuvi chini yetu wakionekana kama vijiti. Ilituchukua dakika arobaini, kwa kuwa kila mtu alitaka kusimama katikati.

Upande wa Kigongo wale ndugu walikaa ukingoni, wakazungumza tusiyoyasikia. Kisha mkubwa akatupa mkono, akaupanda tena mzunguko wa daraja kuelekea alikotoka. Mdogo alimtazama mpaka alipokuwa hatofautiki na watu wengine, akapanda baiskeli yake, akaenda mbele ya msafara mpaka Usagara bila kugeuka.

Siku mbili za mwisho upepo ulitupiga kama fundi alivyosema. Alhamisi ilikuwa ndefu kuliko tulivyokadiria, na anayetaka kutufuata na alale pia Misungwi, asione aibu. Tulifika Maganzo jua likikaribia kuchwa, hatuna nguvu hata ya kuuliza habari za almasi za Mwadui, zilizogunduliwa mwaka 1940 na jirani zetu wakazipigia hesabu mpaka leo. Ijumaa, saa tatu asubuhi, tuliingia mjini wote sita. Yule mama alikuwa amesimama njiani. Alimshika mwanawe kichwa, akamgeuza huku na huku, akaenda naye.

Baba wa wale ndugu alikuja baada ya Sala. Tulimweleza yote, na ya mlimani, na ya kule kutoweka kwa mdogo, kwa kuwa alikuwa na haki ya kuyasikia kwetu kwanza. Alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza kama michembe ilifika, tukasema ilifika. Kisha akaliomba lile daftari. Tulimkatia ukurasa, tukamchorea njia upya kwa kalamu nyekundu: Tinde, Isaka, Kahama, njia panda, Bukoli, na pale penye mpando mkali tukatia alama. Akatuuliza basi la Kahama kwenda Geita huondoka saa ngapi, na kama wapakia baiskeli juu.